Nani Analipa Gharama ya Imani Yetu?

Soma kwa ajili ya somo hili: Kumbukumbu la Torati 24:14, 15, Yoshua 3:13-17, 1 Wafalme 17:1-16, Marko 12:38-44, 2 Wakorintho 8:1-21, Yakobo 5:1-6.

Katika vikao vya kanisa kuna maneno ambayo yakishatamkwa, mjadala huisha: "Ndugu zangu, tumwamini Mungu." Mhazini amesoma taarifa yake, sadaka zimeshuka, bei ya unga na nauli zimepanda, na huduma tuliyoianzisha kwa furaha haina fedha za mwezi ujao. Mzee mmoja anasimama na kutamka maneno hayo. Tunaitikia "Amina", tunafunga kwa ombi, tunarudi nyumbani.

Maneno hayo ni ya kweli. Bwana Yesu mwenyewe alituelekeza kwa ndege wa angani na maua ya kondeni (Mathayo 6:25-34). Lakini leo tujiulize swali ambalo mara nyingi hatuliulizi: kanisa au huduma inapoamua kumwamini Mungu wakati wa uhaba, ni nani hasa anayeingia katika hatari? Ni sisi tuliopiga kura, au ni mtu mwingine ambaye hakuwamo kikaoni?

Mabati na mishahara

Mwaka 2020 nilikuwa katika kamati ya shule ndogo inayoendeshwa na kanisa moja hapa nchini. Mwezi Machi shule zote Tanzania zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na ada zikakoma. Mzazi ambaye mtoto wake yuko nyumbani, na biashara yake imelala, atalipa ada ya nini? Walimu walikuwa sita. Tukakutana, tukaomba, tukaazimia kwamba hatutamwachisha kazi mwalimu hata mmoja, tutamwamini Mungu. Mishahara ingelipwa Bwana atakapofungua njia. Mimi ndiye niliyetoa hoja hiyo, na nilitoka kikaoni nikijiona mtu wa imani.

Mwezi wa tatu ukapita bila malipo. Asubuhi moja nikamkuta mmoja wa walimu wetu kando ya barabara, ana beseni la vitumbua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Bwana ni mwema, mzee. Tatizo ni mwenye nyumba. Nimemweleza kwamba kamati inamwamini Mungu, lakini yeye anataka kodi yake."

Alisema kwa heshima, hata alitabasamu. Nilinunua vitumbua nisivyovihitaji, nikaondoka. Njiani nikakumbuka jambo ambalo hakuna aliyelitaja katika kikao kile: tulikuwa na fedha benki. Zilikuwa za mabati ya ukumbi mpya. Kwa habari ya mishahara tulikuwa tumemwamini Mungu, lakini kwa habari ya mabati tuliamini akaunti ya benki. Tena posho yangu haikuwa imekatwa hata shilingi moja. Imani niliyoitolea hoja ilikuwa inalipiwa na mwanamke mwenye beseni.

Kilio kinachofika mbinguni

Maandiko hayaoni jambo hili kuwa dogo. Torati iliagiza kwamba kibarua maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijachwa, kwa sababu moyo wake unautazamia ujira huo. Akimlilia Mungu, inakuwa dhambi kwa aliyemzuilia (Kumbukumbu la Torati 24:14, 15). Yakobo anasema ujira uliozuiliwa wenyewe unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi (Yakobo 5:4). Ni kweli, Yakobo anawakemea matajiri wadhalimu, na sisi hatukuwa matajiri. Lakini je, njaa ya mfanyakazi hupungua kwa kuwa anayemzuilia ujira ni kamati iliyofungua kikao kwa maombi?

Mara nyingi tunapochangisha huwa tunamtaja mjane wa senti mbili. Yesu alimsifu, nasi twapaswa kumsifu. Ila tusome tangu fungu la 38. Kabla tu ya kumwonyesha mjane, Bwana aliwaonya wanafunzi juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu (Marko 12:38-44). Mjane alitoa mwenyewe, kwa hiari yake. Hakuna kamati iliyokaa na kupitisha kwamba mjane atatoa vyote alivyo navyo.

Mtu ataleta mfano wa Sarepta: je, nabii hakumwomba mjane mkate wake wa mwisho? Alimwomba. Lakini tazama Eliya alikuwa wapi kabla ya hapo. Ukame alioutangaza ulimkuta yeye kwanza. Kijito cha Kerithi alichokunywa kilikauka akiwa hapo hapo (1 Wafalme 17:7). Alifika Sarepta naye ana njaa na kiu, akiwa na neno dhahiri la Bwana kwa nyumba ile. Pipa la unga liliwalisha mjane, nyumba yake na nabii, wote kutoka chombo kimoja.

Waliotangulia kulowa miguu

Je, basi imani ni hesabu tu? Je, tusianzishe jambo lolote mpaka fedha yote iwe mkononi? Hapana. Kama waasisi wetu wangefikiri hivyo, tusingekuwa na kanisa la kukaa na kujifunza somo hili. Imani huingia majini kabla maji hayajagawanyika. Swali ni miguu ya nani inatangulia.

Yordani ulipokuwa umefurika hadi kingo zake, Mungu hakuagiza watoto na wazee watangulie kuyajaribu maji. Makuhani waliochukua sanduku la agano ndio waliokanyaga kwanza. Tena hawakuvuka haraka na kuwasubiri wengine ng'ambo. Walisimama katikati ya mto mpaka watu wote wakaisha kuvuka (Yoshua 3:13-17).

Historia yetu ina mifano ya namna hiyo. Katika kiangazi cha mwaka 1848 James White, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, na afya yake si nzuri, alihitaji nauli ya kwenda kwenye mikutano ya waumini waliotunza Sabato. Hakukuwa na kanisa lililoandikishwa wala mhazini. Yeye na wenzake wawili walichukua kazi ya kukata majani katika shamba la ekari 100, kwa malipo ya senti 87 na nusu kwa ekari. Aliomba, kisha akashika fyekeo. Akapata dola 40.

Miaka ya 1890 uchumi wa Australia ulianguka, na mwaka 1893 mabenki mengi yalifunga milango. Wakati huo Ellen White alikuwa huko, na waumini walikuwa wakipoteza kazi na nyumba. Hata hivyo kanisa lilitafuta ardhi huko Cooranbong kwa ajili ya shule. Ellen White hakuhimiza imani hiyo akiwa mbali. Alihamia huko porini, akajenga nyumba yake karibu na eneo la shule, akatoa kutoka mapato ya vitabu vyake, na fedha ilipokwisha akakopa yeye mwenyewe. Shule ya Avondale ilifunguliwa mwaka 1897. Wengine pia walitoa kwa kujinyima, lakini waliona kwamba aliyewaita alikuwa ndani ya maji pamoja nao.

Mambo mawili ya kutenda

Kwanza, tuseme kweli mapema. Paulo alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alieleza kwamba hakutaka wengine wapate raha na wengine dhiki, bali uwepo usawa. Pia alihakikisha fedha inasafirishwa kwa namna isiyoacha lawama, mbele za Bwana na mbele za wanadamu (2 Wakorintho 8:13, 14, 20, 21). Kumwonyesha mfanyakazi hali halisi ya mfuko si kukosa imani. Ni kumpa nafasi ya kuchagua mwenyewe kama atajitoa, badala ya kumchagulia.

Pili, kabla ya kuomba wengine wasubiri, wanaoamua watangulie. Kamati yetu iliitishwa tena. Nilikiri niliyoyaona barabarani. Tuliwaendea waliochangia mabati, mmoja mmoja, kuomba ruhusa, maana fedha iliyotolewa kwa kusudi fulani si yetu kuibadilisha kimya kimya. Wengi walikubali, wawili walikataa, na fedha yao haikuguswa. Sisi wajumbe tulikata posho zetu na kila mmoja akatoa alichoweza. Tuliwaita walimu tukawafungulia vitabu vya hesabu, tukawaomba radhi. Walilipwa nusu ya madai yao, na nusu nyingine tuliimaliza kwa mafungu mwaka uliofuata.

Sitasema kwamba yote yalirudi kama zamani. Mwalimu mmoja alikuwa ameshaondoka, na hakurudi. Ukumbi ulikaa miaka miwili bila paa, na kila mvua iliponyesha juu ya kuta zile nilikumbuka hoja yangu. Lakini tangu siku ile, mtu akisema kikaoni "tumwamini Mungu", mhazini wetu huuliza kwa upole, "Tukianza na nani?" Nimekuja kuamini kwamba hilo nalo ni swali la imani.

Baba yetu wa mbinguni hajashindwa. Pipa la unga bado li mkononi mwake. Naye aliyetuita kumtegemea hakubaki ng'ambo salama. Alikuwa tajiri, akawa maskini kwa ajili yetu (2 Wakorintho 8:9). Gharama ya imani anayotuomba, ameilipa yeye kwanza.

Maswali ya Kujadili

1. Kumbuka uamuzi mmoja wa kanisa lenu uliofanywa "kwa imani". Nani alibeba uzito wake? Je, aliulizwa?

2. Kuna tofauti gani kati ya kumwamini Mungu na kumjaribu? Linganisha Mathayo 4:5-7 na Luka 14:28-30.

3. Ikiwa fedha za huduma yenu zingetosha nusu tu ya mahitaji mwezi ujao, mngeanza kulipa nini, na mngeacha nini? Jibu lenu linaonyesha mnamwamini Mungu kwa habari ya nini?

4. Je, kuna mtu katika kundi lenu ambaye juma hili anasubiri haki yake kutoka kanisani? Mfanye nini kabla jua halijachwa?