Samaki Mkavu Hulowekwa

Hivi nani alisema mtu mzima hafundishiki? Methali tunayo, tumekaririshwa tangu shule ya msingi: samaki mkunje angali mbichi. Lakini wahenga hao hao wakatuambia elimu haina mwisho. Sasa tushike lipi? Mimi kwa miaka mingi nilidhani hilo ni swali la mtihani wa Kiswahili tu, unajibu unapata maksi zako mbili unaondoka. Siku lilipoingia nyumbani kwetu likiwa na bei yake, ndipo nikajua ni swali la haki.

Ilikuwa mwaka 2019. Ukoo ulikaa kikao sebuleni kwetu, Mbagala. Pesa iliyokuwepo ilitosha kumsomesha mtu mmoja, na waombaji tulikuwa wawili. Wa kwanza mimi, niliyekuwa nimetoka kuanguka kidato cha nne na nataka kurudia mtihani. Wa pili mama mdogo, miaka 36, muuza vitumbua, watoto watatu, mume hayupo. Alitaka kusomea ushonaji katika chuo cha ufundi. Baba mkubwa akakohoa, akamtaja yule samaki. Kikao kikaisha hapo. Mshiko ukaja kwangu.

Nakiri mbele yenu: sikufungua mdomo. Nilirudia mtihani, nikaanguka tena. Hakuna aliyesema kwamba samaki mbichi naye kakataa kukunjika.

Mama mdogo hakusema neno. Alisubiri zamu yake ya upatu, akalipa ada mwenyewe, akanunua mkasi, futi kamba na vitambaa vya kujifunzia. Mwezi wa nne akaacha. Watu wakacheka: "Si tulisema!" Nilipomuuliza, alinijibu huku anakoroga unga wa vitumbua: "Mwanangu, ada nimelipa. Sasa watoto wale ada?"

Jibu hilo limenikaa kichwani mpaka leo. Vitumbua vinauzwa alfajiri hadi saa nne, wakati watu wanakimbilia daladala. Chuo kinaanza saa mbili. Kila siku aliyoingia darasani ilikuwa siku ambayo karai limepoa. Mwanafunzi wa miaka 16 anakwenda shule na begi mgongoni. Mtu mzima anakwenda na nyumba nzima. Ukimlipia ada peke yake, umemsaidia kama mtoto, halafu unamshangaa kwa kuwa si mtoto.

Tusidanganyane kwamba nchi hii haijawahi kulifikiria jambo hili. Mwalimu Nyerere, alipoleta mpango wa kwanza wa miaka mitano mwaka 1964, alisema lazima tuanze na watu wazima, kwa sababu faida ya kuwasomesha watoto itachelewa miaka mingi kuonekana. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano uliotoka Sweden. Mwaka 1994 ikatungwa sheria iliyoanzisha VETA, na waajiri wakawa wanalipa tozo inayokokotolewa kwenye mishahara ili kuendeleza ufundi. Milango ipo, bwana. Swali ni nani anaweza kuuacha mlango wake mwenyewe ili aingie huo mwingine.

Tazama msaada unakokwenda. Sheria ya Bodi ya Mikopo ya mwaka 2004 iliwekwa kwa ajili ya wanafunzi wa elimu ya juu. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 mkopo umeanza kufika pia kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Ni hatua, hatukatai. Lakini fundi cherehani hasomei shahada wala stashahada. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni ya biashara na uzalishaji, si ya kukaa darasani. Mama mdogo angeweza kukopeshwa anunue cherehani. Kukopeshwa ajue kukitumia, hapana!

Najua kuna msomaji anakunja uso. Ananiuliza: serikali itoe wapi, na watoto wetu bado wanabanana kwenye madawati? Kwani haki ya mtoto si ya kwanza? Hoja hiyo ni nzito na siibezi. Kama sufuria ni moja, mtoto ale kwanza. Lakini huyo mtoto analala kwa nani? Anayemnunulia daftari ni yule yule mama anayekoroga unga saa tisa za usiku. Huwezi kumtendea mtoto haki huku unamwacha mama yake azunguke palepale maisha yake yote.

Mwingine atasema: wapewe, lakini wasizoee vya bure. Mimi pia sipendi neno "bure". Mama mdogo kila anaponunua sukari na mafuta analipa kodi. Vyuo hivyo vimejengwa na jasho la watu kama yeye. Akisaidiwa hapokei sadaka, anachukua zamu yake, kama katika upatu. Na upatu una aibu yake nzuri: ukishapokea, unaendelea kuchanga mpaka wa mwisho naye apate. Fundi aliyefundishwa akifundisha binti mmoja mtaani kwake, deni limelipwa.

Na msaada si lazima uwe mabunda ya noti. Katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kuna mpango ambao akina mama vijana wanakuja na watoto wao wadogo, na pana mahali pa kuwalea wakati mama yuko darasani. Hapo ndipo mtu amefikiri! Nauli, uji wa mtoto, masomo ya jioni, mtu wa kushika karai: vitu vidogo hivi ndivyo vinavyoamua nani atamaliza na nani ataacha mwezi wa nne.

Kuhusu yule samaki, muulizeni mpishi yeyote wa uswahilini. Samaki mkavu hatupwi jalalani eti hakunjiki. Analowekwa usiku, asubuhi amelainika. Waliomuita mgumu hawakumpa maji.

Mwaka huu mama mdogo anataka kujaribu tena. Ukoo utakaa, na baba mkubwa atakohoa. Safari hii nitafungua mdomo. Sina pesa, riwaya yangu bado iko kwenye madaftari na hakuna aliyeiomba. Ila ninaamka mapema. Nimeshamwambia anifundishe kukaanga vitumbua. Vya kwanza viliungua upande mmoja, wateja wakavirudisha. Nimeanza upya na unga mwingine.