Zeze la Babu Juu ya Kabati

Masomo ya kutafakari: Zab 137, 1 Sam 16:14-23, Mt 25:14-30



Leo naomba nianze na kisa changu mwenyewe, halafu Neno la Mungu litatukuta njiani. Kisa chenyewe sijivunii, lakini nimeona bora nikiseme, maana najua siko peke yangu.

Mimi nauza kava na protekta za simu Kariakoo, upande wa Mtaa wa Congo. Wazazi wangu ni Wagogo, ila nimezaliwa hapa hapa Dar, na Kigogo changu ni cha kuombea maji tu. Babu yangu alikuwa kijijini, mkoa wa Dodoma, na alikuwa na zeze.

Kwa wasiolijua: zeze la babu halikuwa lile la kusugua kwa upinde, alilolipiga marehemu mzee Hukwe Zawose wa Bagamoyo, aliyetuaga mwaka 2003 baada ya kuufikisha muziki wa Wagogo hadi Ulaya. La babu lilikuwa la aina nyingine ya zamani: ubao mwembamba, mrefu kama mkono, wenye meno matatu yaliyochongwa upande mmoja. Uzi mmoja unapita juu ya meno hayo, huo ndio unaobeba wimbo. Uzi wa pili uko pembeni, haubonyezwi kabisa, unalia sauti ile ile moja mwanzo mpaka mwisho. Chini yake kuna kibuyu kilichokatwa, mdomo wazi, na huo mdomo unauegemeza kifuani. Ukiubana, sauti inakuwa nzito. Ukiuachia kidogo, inafunguka. Huko Marekani, kwenye milima ya Appalachia, wana chombo kinachofanana nalo kwa namna fulani, wanakiita dulcimer. Wanakilaza mapajani, na nacho kina uzi wa wimbo na nyuzi za kuunguruma sauti moja. Watu wa mbali, wazo lile lile.

Babu alikuwa akinipigia simu: "Mjukuu wangu, njoo nikuoneshe hili zeze kabla vidole havijagoma." Nami najibu, "Nakuja babu, mwezi wa sita." Mwezi wa sita ukifika, nasema Desemba. Mwanzo kisingizio kilikuwa basi, safari ndefu, nauli. Halafu mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza kwenda Dodoma. Unaondoka Dar asubuhi, mchana unakula Dodoma. Bado sikwenda. Yaani kisingizio kilikufa, mimi nikabaki pale pale.

Babu akafariki. Nikaenda kuzika, na siku hiyo nauli ilipatikana. Tulipomaliza matanga, bibi akaniletea zeze limefungwa kwenye kanga. Akasema, "Alisema hili ni lako." Hakuongeza neno.

Nikarudi nalo Dar, nikaliweka juu ya kabati, nyuma ya begi. Miezi ikapita. Si kwamba nililisahau. Kila nikilala nilikuwa naliona. Niliogopa kulishika, kwa sababu nikilishika nakumbuka nilichokosa.

Sasa sikia mambo yalivyokuwa mabaya. Mwaka huu nilichukua mkopo, ile mikopo yetu ya kausha damu unayoijua. Biashara ikalala, rejesho likasimama. Mteja mmoja akaniambia ana mgahawa, anatafuta vitu vya asili vya kutundika ukutani. Nikasema ninacho. Tukapatana elfu themanini. Usiku huo nikalishusha zeze.

Aisee! Ukungu wa kijani ulikuwa umejaa ndani ya kibuyu. Joto la chumba cha Dar na unyevu wa bahari si hewa ya Dodoma. Kibuyu kilikuwa na ufa, uzi mmoja umekatika, na vumbi la dudu lilikuwa likidondoka kwenye ubao. Hakuna aliyelivunja. Lilikuwa limekaa tu.

Kesho yake nikaenda nalo kazini alfajiri, nikimsubiri mteja. Mlinzi wa maduka jirani, mzee fulani, alikuwa anakunja koti lake amalize zamu. Akaona kile kibuyu. Akasimama.

"Mbukwenyi," akasema.

Nikaona aibu, nikaitikia kwa Kiswahili. "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu. Hilo la nani?"

"La marehemu babu yangu. Naliuza leo."

"Unajua kulipiga?"

"Hapana, babu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sasa bei uliijuaje?"

Kijana mwenzangu, mimi nimesikia mahubiri mengi, lakini lile swali lilinikata. Nilikuwa nimekipangia bei kitu nisichokijua.

Nikampigia mteja simu, nikamwomba radhi. Alikasirika, na ana haki. Mzee hakwenda kulala. Tukakaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, akanifundisha kazi. Kwanza, kibuyu hakioshwi kwa maji. Kinafutwa ukungu kwa kitambaa kikavu, kisha kinaanikwa kivulini, kwa sababu jua kali linaongeza ufa. Ufa unazibwa kwa nta ya nyuki iliyolainishwa. Ubao unapanguswa vumbi, unapakwa mafuta kidogo ya nyonyo, kidogo tu, usiuloweshe. Uzi uliokatika tuliubadilisha kwa mshipi wa kuvulia samaki, ambao Kariakoo unaupata kwa bei ya soda. "Zamani ilikuwa mishipa ya mnyama," akaniambia, "lakini zeze halina maringo." Na ukimaliza kupiga, legeza nyuzi, utundike ukutani hewa ipite. Uzi uliokazwa usiku na mchana unapinda ubao.

Baada ya siku chache, nta iliposhika, akaweka kibuyu kifuani akapiga. Mtaa ulikuwa ndo unaamka, mikokoteni inapita, watu wanapaza bei. Noti nne tu: uzi ukiwa wazi, na meno matatu. Noti nne! Kwa hizo akaimba habari za mvua, ng'ombe na mtu aliyesafiri asirudi. Mimi nikageuka upande wa kava zangu nikajifanya nazipanga. Nilikuwa nalia.

Sasa tuje kwenye Neno.

Zaburi ya 137 inatuonesha Waisraeli wametekwa, wako Babeli, wamekaa kando ya mito wakilia. Vinubi vyao wamevitundika kwenye miti. Zamani nilidhani wale watu walifanya kosa. Siku hizi naona sivyo. Wao walitundika kwa sababu ya uchungu, na uchungu wao wakamwimbia Mungu. Zaburi yenyewe ndiyo ushahidi. Wewe ukifiwa, ukiachwa, ukikosa kazi, Mungu hakulazimishi ucheke. Kuna wakati wa kukitundika chombo na kulia mbele zake.

Lakini mimi sikutundika kwa uchungu. Nilificha kwa aibu. Hapo ndipo Mathayo 25 inaponishika. Yule mtumishi wa tatu, wa talanta moja, hakuwa mwizi. Hakutapanya, hakulewa. Alirudisha kitu kizima kama alivyopewa. Na ukimsikiliza vizuri, anataja sababu yake mwenyewe: aliogopa. Fedha ikifukiwa inaweza kutoka vile vile. Chombo cha muziki hakiwezi. Kibuyu kikifichwa kinaota ukungu. Na vitu vingi alivyotupa Mungu viko kama kibuyu kuliko fedha. Sala ukiiweka juu ya kabati miaka mitatu, huikuti kama ulivyoiacha. Vivyo hivyo urafiki, upendo wa ndugu na wito ulioanza kuusikia ukiwa kidato cha nne.

Tena angalia Daudi. Kwenye 1 Samweli sura ya 16 anampigia Sauli kinubi, na Sauli anapata nafuu. Geuza hadi sura ya 18: Daudi yule yule anapiga, na Sauli anamrushia mkuki! Chombo hakikubadilika. Kilichobadilika ni kifua cha msikilizaji. Wivu ulikuwa umeingia. Sisi tunasema kumpigia mbuzi gitaa, tukimcheka mbuzi. Je, mara ngapi Mungu amekupigia wewe, kwenye Misa, kwenye jumuiya Jumamosi asubuhi, kwenye simu ya babu, nawe umekaa kama mbuzi? Mimi nilipigiwa simu miaka mingi.

Zeze lilinifundisha jambo jingine. Ule uzi wa pembeni, unaolia sauti moja, mwanzoni niliona hauna kazi. Mzee akauzuia kwa kidole nisikie tofauti. Wimbo ukabaki mkavu, haujui uko wapi. Uzi ule ndio unaouambia wimbo nyumbani ni wapi. Ndugu yangu, Rozari unayoona inajirudia, sala ya asubuhi isiyo na msisimko, Misa ya Jumapili hata ukiwa umechoka: huo ndio uzi wa pembeni. Hauposti ukapata likes. Lakini ukiukata, maisha yako yote yanatafuta sauti.

Wapo watakaouliza: "Lakini vyombo vya kienyeji si mambo ya uganga?" Swali la haki, tulijibu. Mti na kibuyu ni viumbe vya Mungu. Ubaya unaingia kwa matumizi. Biblia yetu ya Kiswahili inalitaja zeze kwa jina katika Zaburi ya 150, kati ya vyombo vya kumsifu Bwana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Sacrosanctum Concilium ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 119, unataka muziki wa asili wa watu katika nchi za misioni upewe heshima na nafasi inayostahili, na namba 120 inaruhusu vyombo vingine mbali na kinanda, mradi vifae kwa ibada na mamlaka ya Kanisa yakubali. Mwaka huo huo wa 1963, padre wetu Mtanzania, Stephen Mbunga, alitoa kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa hiyo si jambo jipya. Ila zingatia neno "mamlaka": usivamie Misa na zeze lako. Ongea na mwalimu wa kwaya, ongea na paroko. Utii nao ni muziki.

Usidhani kisa changu kimeisha kwa muujiza. Deni bado lipo, nalipa kidogo kidogo, na nimeapa sikopi tena namna ile. Babu hakufufuka anifundishe. Kuna nyimbo zake ambazo hakuna anayezijua tena, na hilo siwezi kulirekebisha. Nilipoenda kuungama Jumamosi jioni, nikasema dhambi zangu nyingine haraka haraka, halafu hii ikanikwama kooni: "Padre, babu aliniita, sikwenda." Nikadhani ataniambia hilo si dhambi, endelea. Hakusema hivyo. Aliniondolea dhambi, akanipa malipizi: nisali kwa ajili ya babu, na niende nikamwone bibi.

Nilikwenda, kwa treni, na zeze mapajani. Nikampigia bibi kitu pekee ninachokiweza, noti nne zilizopindapinda. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Unabana sana kibuyu. Yeye alikuwa anaachia." Kumbe bibi miaka yote alikuwa anajua! Sikuwahi hata kumuuliza. Sasa kila Jumapili baada ya Misa nampigia simu, ananiimbia kipande, nami nakitafuta kwenye meno yangu matatu.

Kijana mwenzangu, wewe juu ya kabati lako kuna nini? Huenda ni simu ya mzazi usiyoipokea, au sauti uliyopewa ukaiacha kwaya kwa sababu mtu alikucheka. Huenda ni sakramenti ya kitubio. Usingoje kishuke chenyewe. Na ukikikuta kina ukungu, usikipangie bei ya kukitupa. Yesu hauzi vilivyopasuka. Anakaa nasi kwenye ngazi, anatafuta nta.

Wiki hii fanya haya:

1. Mpigie simu mzee mmoja wa ukoo wenu. Usiombe hela, wala usiwe na haraka. Muulize jambo moja alilolijua akiwa na umri wako.
2. Chagua sala moja fupi iwe uzi wako wa pembeni. Isali kila siku saa ile ile, upende usipende.
3. Kama kuna jambo unaliona aibu kulitaja, lipeleke kwenye kitubio kabla ya Jumapili.

Tusali: Ee Bwana, umetupa vitu vyema na sisi tukavificha. Tusamehe tulipoogopa. Wape pumziko la milele babu na bibi zetu waliotuita tusifike, na mwanga wa milele uwaangazie. Fungua vifua vyetu, ili kile ulichotupa kilie kwa sifa yako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, utuombee.