Ramani ya Nyumba: Neno la Mwisho ni la Nani?

Harusi zetu huwa na kamati. Mazishi huwa na kamati. Hata harambee ya karo huwa na mwenyekiti na mweka hazina. Lakini nyumba ya kudumu, ambayo watu wengi huijenga mara moja tu maishani, mara nyingi hupangwa na watu wawili: mume na mchoraji wa ramani. Mke huja kuiona ramani siku mawe yanapoteremshwa kutoka kwenye lori.

Ukimuuliza mume kwa nini hakumshirikisha mwenzake, atakujibu kwa kifupi: "Mimi ndiye ninayelipa." Jibu hili ndilo nataka tulichunguze pamoja. Je, anayelipa ndiye mwenye neno la mwisho juu ya nyumba? Au ni yule atakayeshinda humo kutwa kucha? Na mume akiomba shauri juu ya ramani yake, je, amejipunguzia heshima?

Fedha ni za nani?

Tuseme mume anafanya kazi Nairobi, na mke yuko nyumbani mashambani pamoja na watoto. Kila mwezi mume anaweka akiba katika Sacco. Anawezaje kuweka akiba hiyo? Anaweza kwa sababu mboga na mahindi hayanunuliwi, yanatoka katika shamba analolilima mkewe. Anaweza kwa sababu hakuna yaya wa kulipwa mshahara. Anaweza kwa sababu mama yake mzazi akiugua usiku, yuko mtu wa kumpa maji. Kazi hizi hazina risiti, lakini zimo ndani ya ile akiba.

Sheria ya nchi yetu imeliona jambo hilo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba kuwa mchango katika mali ya wanandoa. Tena inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Sasa jiulize, ndugu msomaji: ikiwa nyumba haiwezi kuuzwa bila neno la mke, inafaaje ijengwe bila neno lake?

Lakini tusiishie kwenye sheria. Sheria huamua kati ya watu waliokwisha kugombana, nasi tunatafuta njia ya watu wanaopendana. Hata kama kila shilingi ingetoka mfukoni mwa mume peke yake, swali letu lingebaki palepale. Fedha za ujenzi hutolewa zikaisha, lakini nyumba hukaliwa kila siku. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye kulala ndiye wa kuulizwa.

Mzigo uko kwa nani?

Chukua mfano wa jiko. Katika ramani nyingi, sebule hupewa nafasi kubwa ya kuweka seti mbili za makochi, ili wageni wakija wajue wamefika kwa mtu. Chumba cha kulala cha wenye nyumba hufuata. Jiko hupewa pembe iliyobaki, lenye dirisha moja dogo, pengine upande ule ule ambao upepo unasukuma moshi kurudi ndani. Wageni huja Krismasi na siku ya ubatizo. Mama huingia jikoni saa kumi na moja alfajiri, kila siku iendayo kwa Mungu. Akipikia kuni au makaa, moshi ule unaingia kifuani mwake na kifuani mwa mtoto aliye mgongoni. Madaktari wametuambia wazi kwamba moshi wa aina hiyo huwaletea watoto wadogo nimonia na watu wazima magonjwa ya mapafu.

Kwa hiyo ramani si mistari tu. Ukubwa wa kila chumba unaonyesha ni nani tuliyemfikiria, na ni nani tuliyemsahau.

Mimi naona kanuni moja inaweza kutusaidia: uzito wa neno ufuate uzito wa mzigo. Katika mambo ya jiko, neno la anayepika liwe zito kuliko la anayekula. Kama nyanya wa watoto ataishi nanyi, yeye ndiye wa kuulizwa kuhusu ngazi za mlangoni, na kuhusu safari ya kwenda chooni usiku wa mvua. Watoto wanaosoma waulizwe watafanyia wapi kazi zao za shule. Mgeni wa siku mbili kwa mwaka asipewe nafasi iliyopaswa kuwa ya mtu wa kila siku.

Kanuni hii ina mpaka wake. Katika mambo ya usalama, asikizwe mwenye ujuzi. Ikiwa ploti yenu ina udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na mtaalamu akasema lazima uchimbwe na kuondolewa kabla ya msingi, hapo mume na mke hawana la kupigia kura. Upendo wao hauwezi kuzuia ukuta usipasuke.

Kuuliza kwa kweli

Wako waume watakaosema, "Mimi nilimwuliza mke wangu, akakubali." Lakini waliulizaje? Mume amerudi na ramani iliyokwisha kupigwa muhuri, mchoraji amelipwa, mitaro imechimbwa. Anaitandaza mezani mbele ya ndugu zake na kusema, "Mnaionaje?" Wote wanaitikia, "Ni nzuri sana." Mke naye anaitikia. Huyu mume hakuomba shauri, aliomba sifa, naye amezipata.

Alama ya swali la kweli ni hii: anayeuliza yuko tayari kufuta mstari. Kama hakuna mstari hata mmoja unaoweza kufutwa, usimwulize mwenzako, maana utakuwa unamfanya shahidi wa uamuzi asioufanya. Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kupiga hesabu ya gharama. Nasi tukumbuke kwamba hesabu hiyo si ya saruji na mabati peke yake. Kubadilisha mahali pa mlango kwenye karatasi ni kazi ya kifutio. Kuubadilisha ukutani ni kazi ya nyundo, na ni fedha za pili.

Tena, usimpe mtu karatasi ukadhani umemwonyesha nyumba. Wengi wetu hatujui kusoma ramani, na tunaona haya kusema hivyo. Ramani ikichorwa kwa kipimo cha moja kwa mia, kila sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya ardhi. Chumba cha mita tatu kwa tatu huonekana cha kutosha kabisa. Hebu weka katikati yake kitanda cha futi 5 kwa 6, chenye upana wa karibu mita moja na nusu. Kila upande unabaki na sentimita 75. Weka kabati la nguo lenye kina cha sentimita 60 upande mmoja, na utaona zimebaki sentimita 15. Hapo mtu mzima hapiti, wala mlango wa kabati haufunguki.

Njia iliyo bora haina gharama kubwa. Chukueni vigingi na kamba, mwende kwenye ploti, mkaipime ramani ardhini kwa ukubwa wake wa kweli. Wekeni viti mahali pa viti. Kisha tembeeni ndani yake pamoja, mkiulizana maswali ya maisha: "Stima imepotea usiku na mtoto analia, ninapita wapi?" "Baba mkwe ameketi sebuleni, je, mlango wa choo unamtazama usoni?" "Jua la alasiri linaingia chumba gani?" "Mvua ikinyesha, maji ya paa yanaelekea wapi?" Swali la namna hii humpa hata mtu mnyamavu la kusema.

Waendeeni pia watu waliokwisha kukaa katika nyumba yao miaka mitano au kumi. Msiwaulize kama ramani yenu ni nzuri, kwa maana adabu itawafanya waisifu. Waulizeni, "Kama mngejenga upya, mngebadilisha nini?" Hapo watasema yaliyo moyoni. Idhini ya kaunti ni ya lazima kabla ya kuanza kujenga, lakini maofisa wale hawatawauliza nyanya ataota jua wapi. Hilo ni juu yenu.

Aliyeulizwa naye ana wajibu

Sasa niseme na wewe uliyeulizwa. Kuna mke ambaye akiulizwa husema, "Fanya unavyoona, Baba watoto." Anasema hivyo kwa kutaka amani, au kwa kuchoka. Kisha nyumba ikiisha, kila siku ananung'unika juu ya jiko. Mama mpendwa, ukimya wa namna hiyo si unyenyekevu. Ni deni, na litalipwa kidogo kidogo kwa manung'uniko. Ukiulizwa kwa kweli, jibu kwa kweli.

Jibu lakini bila kumshtaki mwenzako. Usiseme, "Wewe hujawahi kunijali." Sema, "Nikisimama hapa na sufuria ya moto, mtoto akiingia kwa mlango huu, tutagongana." Hapo umeisahihisha ramani, nawe hukumjeruhi mtu. Mume naye asijitetee kabla mwenzake hajamaliza. Alipokuwa akichora alikuwa na miezi ya kuwaza, basi ampe mkewe angalau wiki moja na karatasi hiyo.

Wasemaji wakiwa wengi

Pengine mtaogopa kwamba kila ndugu na rafiki atataka kuweka dirisha lake. Hofu hiyo ina msingi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini kusikiliza si kutii. Mwulizeni kila mtu lile analolijua. Mama mkwe asikizwe kwa heshima kuhusu chumba atakacholala. Kaka mwenye nyumba ya ghorofa asiwalazimishe kujenga ghorofa. Mkiisha kuwashukuru wote, fungeni mlango mwamue wawili.

Na kama ninyi wawili hamkubaliani? Msiite fundi. Ngojeni. Mwezi mmoja wa kungoja si hasara ukilinganisha na miaka ya kuishi kwa kinyongo. Fedha zikiwa hazitoshi, kila mmoja ataje kitu chake ambacho yuko tayari kukiacha. Si haki jiko lipunguzwe kila mara huku sebule ikibaki vilevile.

Basi neno la mwisho ni la nani? Si la anayelipa kwa sababu analipa, wala si la anayelalamika zaidi. Ni la wawili, baada ya yule mwenye mzigo mkubwa kusikizwa kwanza. Mume anayeweza kusema mbele ya fundi, "Ngoja, mke wangu ameona jambo," hajapoteza heshima. Watoto wanaomsikia wanajifunza ndoa ni nini, hata kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Katika nyumba yetu ya sasa, au ile tunayotaka kujenga, ni nani anayebeba mzigo mkubwa, na ni lini mara ya mwisho tulimwuliza?

2. Je, kuna jambo nililolikubali kwa mdomo huku moyo ukikataa? Naweza kulisema leo bila kumshtaki mwenzangu?

3. Ni mstari gani katika mipango yangu niko tayari kuufuta?