Fanya Juu: Amri na Wajibu katika Uhifadhi wa Udongo

Istilahi ya fanya juu ni miongoni mwa maneno machache ya Kiswahili yaliyoingia katika taaluma ya kilimo nje ya Afrika Mashariki. Humaanisha kuchimba mtaro unaokingama mteremko na kuurusha udongo upande wa juu, ili tuta lizuie maji na, kadiri miaka ipitavyo, shamba lijisawazishe mithili ya ngazi. Kisarufi, istilahi hii ni amri. Swali la kimaadili ni hili: nani anastahili kuitoa?

Historia ya Machakos ina majibu mawili yanayokinzana. Katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliulaumu wingi wa mifugo kwa mmomonyoko wa ardhi, ikainyamazia mipaka iliyowabana Wakamba katika eneo finyu. Mwaka 1938 ng'ombe walipotwaliwa kwa nguvu, Muindi Mbingu aliwaongoza wenzake hadi Nairobi kupinga. Akaishia uhamishoni Lamu. Baadaye matuta yalichimbwa kwa shuruti, na shuruti ilipoondoka, kazi nayo ilififia. Hata hivyo, baada ya uhuru wakulima, aghalabu wanawake, waliirudia wenyewe kupitia vikundi vya mwethya. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba kwa takriban miongo sita watu waliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua.

Yamkini itadaiwa kwamba kilichowasukuma ni faida ya kahawa na ukaribu wa soko la Nairobi, wala si maadili. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Maji hayatambui mpaka wa hatimiliki: anayelipuuza shamba la juu humharibia jirani wa chini, ambaye matuta yake pekee hayawezi kuuhimili mkondo. Faida humfunza mtu kulitunza lake. Haimwelezi kwa nini amchimbie mwenziwe. Mwethya humweleza, kwa kuwa leo ni kwake na kesho ni kwa jirani.

Kwa hiyo, wajibu wa kuutunza udongo hauwezi kuagizwa na asiyeuishi mteremko, wala kuachiwa hiari ya mmiliki peke yake. Makao yake ni baina ya majirani, ambao kila mmoja huamuru na kuamriwa kwa zamu. Sera ya uhifadhi inayowapita hao itapata matuta, lakini haitapata wa kuyakarabati mvua ikishapita.