Kabla Hujasaini Fomu ya Mtoto Mwenye Kipaji

Kundi letu la ukoo kwenye WhatsApp halijatulia wiki hii, na chanzo ni karatasi moja. Mdogo wangu anayeishi Ohio aliipiga picha akaituma: barua kutoka shule ya mwanawe, darasa la tatu, ikisema mtoto amependekezwa kufanyiwa vipimo ili aingizwe kwenye programu ya watoto wenye vipaji, mzazi aweke saini chini. Akauliza, "Kaka, nisaini au niache?"

Baba mdogo wa Morogoro akaniwahi. "Usisaini mama. Watoto wenye akili ndio wanaofanyiwa majaribio ya ubongo. Hiyo ni CIA." Akaambatanisha na video. Shangazi akaja juu: mtoto kapata bahati, ninyi mnaleta maneno ya vijiweni! Tangu hapo hakuna aliyelala kwa amani.

Namwelewa shangazi. Kwetu mtoto akipangiwa shule za vipaji kama Ilboru, Kibaha au Mzumbe, mbuzi anachinjwa. Hakuna mzazi anayeuliza amechaguliwa na nani na kwa vigezo gani. Kuchaguliwa ni sifa, na sifa haihojiwi.

Video yenyewe niliitazama mpaka mwisho. Ni Wamarekani, watu wazima sasa, waliosoma miaka ya 1980 na 1990 kwenye programu za aina hiyo, nyingi zikiitwa GATE, hasa kule California. Wanasimulia walivyokuwa wakitolewa darasani, wakipelekwa chumba kidogo, wakivalishwa hedifoni, wakionyeshwa kadi zenye nyota, duara na mawimbi na kutakiwa kubahatisha iliyofichwa. Wengine hawakumbuki chochote, na kutokumbuka huko ndiko wanakokufanya ushahidi. Hapo ndipo nilipoanza kukereka. Ukikumbuka, umefanyiwa, usipokumbuka, umefanyiwa na ukafutwa kumbukumbu. Kesi ya namna hiyo hata wakili bingwa hawezi kuitetea, maana mshtakiwa hana njia ya kutoka.

Hedifoni zina maelezo mepesi: shule za Marekani zimekuwa zikiwapima watoto usikivu kwa miaka mingi, wenye vipaji na wasio na vipaji. Kadi za nyota na mawimbi zilibuniwa miaka ya 1930 katika Chuo Kikuu cha Duke, na watu wakazoea kuzichezea mpaka sebuleni. Ipo pia ripoti ya jeshi la Marekani ya mwaka 1983 kuhusu mbinu iliyoitwa Gateway, ya kubadili hali ya akili kwa sauti za masikioni. Ripoti hiyo ni ya kweli na CIA wenyewe waliitoa hadharani mwaka 2003. Majina ya Gateway na GATE yamefanana kwa herufi, basi, hadithi ikajiunga yenyewe. Tena, kuwasaka watoto wenye akili hakukufanywa gizani. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, Wamarekani walitaharuki, na mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria iliyotoa fedha, pamoja na mambo mengine, za kuwapima wanafunzi ili wenye uwezo wajulikane mapema. Mambo ya wazi kabisa.

Lakini baba mdogo simcheki, na wanaomcheka hawajasoma. Mradi wa MKUltra ulikuwepo. CIA waliuanzisha mwaka 1953, wakawapa watu dawa za kuvuruga akili bila wao kujua, wakapitisha fedha zao vyuoni, hospitalini na magerezani. Mwaka 1973 mkuu wa shirika, Richard Helms, akaamuru majalada yachomwe. Yaliyonusurika ni makaratasi ya uhasibu yaliyosahaulika kwenye ghala jingine, yakaibuliwa mwaka 1977. Serikali ikishachoma majalada yake, isilalamike raia wakijijazia mapengo wenyewe.

Na wenye akili walichezewa kweli. Kati ya mwaka 1959 na 1962, mwanasaikolojia Henry Murray wa Harvard aliwachukua wanafunzi 22. Waliambiwa wataandika wanachokiamini maishani kisha wajadiliane na mwenzao. Walipofika wakakalishwa chini ya taa kali, wakafungwa nyaya za kupima mapigo ya moyo, na mtu aliyeandaliwa akayararua maandishi yao kwa kejeli huku kamera ikiwachukua. Mmoja wao alikuwa Ted Kaczynski, kijana aliyeingia Harvard akiwa na miaka 16, ambaye baadaye alituma mabomu kwa posta na kuua watu watatu. Hakuna aliyethibitisha kwamba Murray ndiye aliyemharibu, nami sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba alidanganywa, na aliyemdanganya alikuwa profesa.

Hata hivyo, kisa kinachoninyima usingizi hakitoki Harvard. Kinatoka Waltham, Massachusetts, kwenye taasisi ya Fernald, ambako serikali ya jimbo iliwaweka watoto walioitwa punguani. Wengi walikuwa mayatima au watoto wa maskini tu. Miaka ya 1940 na 1950 watafiti wa chuo cha MIT waliunda pale kilichoitwa Klabu ya Sayansi. Wavulana wa klabu walipelekwa ufukweni, wakapelekwa kutazama besiboli, wakapata maziwa ya ziada. Asubuhi walikula uji wa oti, na ndani yake mlikuwa na chembe za madini yenye mionzi, ili watafiti wafuatilie chuma na kalsiamu zinavyosafiri mwilini. Kampuni ya Quaker Oats ilichangia fedha, na Tume ya Nishati ya Atomiki ikachangia pia.

Wazazi waliandikiwa barua. Moja, ya mwaka 1949, iliwaeleza kwamba taasisi inafikiria kuchagua kikundi cha watoto wake wenye akili zaidi, mwanao akiwemo, wapewe chakula maalumu chenye virutubisho. Mionzi haikutajwa popote. Fikiria mama ambaye mwanawe ameandikwa punguani kwenye jalada la serikali, halafu anapata barua inayosema mtoto wake ni miongoni mwa wenye akili zaidi. Nani asingekubali? Habari ilikuja kulipuka mwishoni mwa mwaka 1993. Kamati ya Rais Clinton iliona kwamba kipimo cha mionzi kilikuwa kidogo na huenda hakikuwadhuru, lakini kosa la kutowaambia likabaki kosa. Baadaye MIT na Quaker walikubali kulipa dola milioni 1.85.

Kuna atakayenibishia: hayo ni ya kale, siku hizi zipo sheria na kamati za maadili. Ni kweli zipo, na ni nzuri. Lakini sheria hizo zote zinaishia kwenye karatasi aliyopewa mzazi. Asipoisoma, hazimsaidii. Uvumi wa video unamfanya mama aogope hedifoni na kadi za nyota, wakati Fernald iliwapata watoto kwa sifa, maziwa na barua ya heshima. Tena iliwapata watoto ambao hawakuwa na mtu wa kuwaulizia. Mtoto wa programu ya vipaji kwa kawaida ana mzazi anayepiga simu shuleni kila wiki. Mtafiti mwenye nia mbaya angemkwepa huyo kwanza.

Nikamjibu mdogo wangu kwamba asisaini usiku huo, na asikatae pia. Awaandikie shule: kipimo kinaitwaje, nani anampima mpwa wangu, ataulizwa nini, majibu yatakaa wapi, nani mwingine atayaona. Wakijibu vizuri, asaini na mtoto aende zake akasome. Wakimzungusha, aache. Baba mdogo amenuna. Anasema Wazungu wamenilipa.

Kwa ninyi mnaolea huko: sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inampa mzazi haki ya kuona kumbukumbu zote za mwanawe shuleni, na shule ina siku 45 tu za kutimiza ombi hilo. Liandikeni.