Wasia wa Januari

Waswahili tuna msemo kwamba macho hayana pazia. Mtu akipitisha jicho lake juu ya kitu cha mwenziwe hashitakiwi kwa wizi, kwa kuwa kutazama hakuchukui kitu. Mwezi umetazamwa na viumbe wote waliopita duniani na haukupungua. Shairi likisomwa mara elfu hubaki na vina vyake na mizani yake, na pengine huzidi utamu kila linapopata msomaji mpya. Ndiyo maana tumezoea kuyahesabu mambo ya macho na masikio kuwa ni neema isiyokwisha, tofauti na chakula, ambacho nikikila mimi wewe hukipati.

Iko, hata hivyo, hazina moja ya sanaa isiyofuata kanuni hiyo, nayo ni michoro, picha za chapa na mabango, yaani kazi zote zilizotiwa juu ya karatasi. Katika majumba makubwa ya makumbusho, picha za rangi ya mafuta hutundikwa ukutani mwaka hata mwaka. Kazi za karatasi huzioni, au huziona chache tu na kwa muda mfupi. Zilizobaki, nazo ndizo nyingi kabisa, zimelala gizani ndani ya masanduku na madroo. British Museum ya London peke yake ina michoro ipatayo 50,000 na picha za chapa zaidi ya milioni mbili, na ni sehemu ndogo mno inayokuwa mbele ya macho ya wageni siku yoyote ile.

Ufinyu wa kuta ni sababu mojawapo, lakini iliyo kubwa zaidi ni nuru yenyewe. Nuru ni nguvu, na nguvu hiyo inapoipiga rangi huvunja polepole viungo vya kemia vinavyoifanya iwe rangi. Nili hupauka. Wekundu unaotokana na wadudu wa kochinili hufifia hata ukatoweka. Karatasi ya bei nafuu, iliyotengenezwa kwa massa ya miti, hugeuka manjano na kuvunjika kama gazeti lililosahauliwa dirishani. Na hasara hii haina dawa. Wahifadhi wakiirudisha picha gizani husema wanaipumzisha, lakini tusidanganyike na upole wa neno hilo. Mtu aliyechoka akipumzika nguvu zake humrudia. Picha haipati nafuu. Kilichoondoka kimeondoka, na giza linazuia tu hasara isiendelee. Wahenga walilijua jambo hili kabla ya kuwapo makumbusho waliposema kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali.

Wataalamu hukadiria kwamba kazi ya karatasi imulikwe kwa nuru isiyozidi laksi 50, ambayo ni nuru hafifu ya chumba cha jioni. Jua kali la mchana laweza kufika laksi 100,000. Hesabu yake ni nyepesi: saa moja ya jua kama lile linalopiga juu ya mapaa ya Mji Mkongwe ni sawa na saa 2,000 za taa ya ukumbini. Ukumbi ukiwa wazi saa nane kwa siku, hizo ni siku 250. Lakini hata zile laksi 50 zinakula. Zinakula taratibu tu. Na kwa kuwa hakuna awezaye kuona pasi na nuru, hapana budi tukubali kwamba mbele ya karatasi kutazama ni kutumia. Kila kizazi kinachoitazama picha hukiachia kizazi kinachofuata picha iliyopungua kidogo.

Hapo ndipo linapozuka swali la maadili: nani mwenye haki ya kuitumia nuru hiyo? Ni sisi tulio hai, au ni wale ambao bado hawajazaliwa?

Mtu mmoja aliyelijibu swali hili kwa vitendo ni Henry Vaughan, mkusanyaji wa sanaa wa London, mtoto wa mtengeneza kofia aliyetajirika. Yeye ndiye aliyeipa National Gallery ya London, mwaka 1886, picha mashuhuri ya Constable iitwayo The Hay Wain. Alipenda mno picha za rangi za maji za J. M. W. Turner, mchoraji aliyeishi kutoka 1775 hadi 1851. Siku zile watu wa sanaa wa Uingereza walikuwa wakibishana vikali kama kweli nuru huharibu rangi za maji. Mwaka 1888 wanasayansi wawili, Russell na Abney, walitoa ripoti ya majaribio yao, wakathibitisha kwamba rangi nyingi katika zile zilizotumiwa na wachoraji hupauka zikikaa juani.

Vaughan alifariki mwaka 1899. Katika wasia wake aliiachia Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, picha 38 za Turner, na Dublin ya Ayalandi picha 31. Alitia masharti: picha zioneshwe zote pamoja, zioneshwe bila malipo, na zioneshwe katika mwezi wa Januari peke yake. Sababu ya kuchagua Januari itamshangaza msomaji wa visiwani, ambaye kwake mwezi huo ni wa kaskazi na jua la kuwaka. Kule Edinburgh, mwanzoni mwa Januari, jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, na muda wote huo hutambaa chini ya mawingu. Vaughan aliuchagua mwezi wenye nuru dhaifu, akaifanya nuru hiyo kuwa sadaka ya umma. Miezi mingine 11 picha zilale gizani.

Tuyapime maneno ya pande mbili. Wa kwanza atasema hivi: picha iliyofichwa ina faida gani? Turner alichora ili watu waone. Mzee wa Edinburgh aliyeugua mwezi wa Januari huenda asiuone mwaka ujao. Kumwambia asubiri ni kumnyima. Kinachohifadhiwa pasipo kuonwa hakina tofauti na kilichopotea, na bahili aliyefukia dhahabu yake ni maskini mwenye dhahabu.

Wa pili atajibu: wasiozaliwa hawana mdomo wa kulalamika, wala wakili, wala kura. Mali yao iko mikononi mwetu bila ya wao kutukabidhi, nayo ndiyo amana nzito kuliko zote, kwa kuwa mwenyewe hawezi kuja kuidai. Mla kwa niaba ya mtoto asiyejua kuhesabu ana dhambi kubwa kuliko mla wa mali ya mtu mzima.

Hoja ya pili inagusa moyo, na wengi wetu tungependa kuishika. Lakini ikifuatwa mpaka mwisho wake hujiangusha yenyewe. Hao wasiozaliwa watakapozaliwa watakuwa ndio walio hai, na nyuma yao watakuwapo wengine wasiozaliwa wenye madai yale yale. Kama kila kizazi kitajinyima kwa ajili ya kijacho, picha haitaonwa na mtu yeyote milele, na akiba itakuwa imewekwa kwa ajili ya mlaji asiyefika. Kwa hiyo haki ya walio hai haiwezi kufutwa. Wao nao ni kizazi kimoja katika msafara, na wana fungu lao. Kosa ni kula fungu la mwenzio, na kujinyima fungu lako mwenyewe hakumfaidii mtu yeyote daima. Mwezi mmoja wa Vaughan ni jaribio la kulipima fungu hilo: kila mwaka kitu kidogo, na kila kizazi kipate.

Ama kuhusu mabango, mambo yana sura nyingine. Bango la Toulouse-Lautrec la mwaka 1891, la ukumbi wa dansi wa Moulin Rouge, lilichapwa nakala zipatazo 3,000 na kubandikwa katika kuta za Paris. Liliumbwa kwa jua, mvua na upepo, na kwa kuishi wiki chache. Je, kulifungia droo ni kuisaliti nia yake? Nadhani sivyo, na sababu imo katika wingi wa nakala. Zile zilizobandikwa zilitimiza haki ya watu wa zama zake. Ziliita wapita njia, zikachanika, zikafunikwa na mabango mengine. Chache zilizookolewa na wakusanyaji zikawa mashahidi kwa ajili yetu. Nakala zimegawana wajibu. Vivyo hivyo ile picha ya Wimbi Kuu ya Hokusai wa Japani, iliyochapwa kwa vibao vya mbao mnamo mwaka 1831: British Museum imeweza kutambua nakala 111 zilizobaki duniani, na katika nyingi wekundu hafifu wa mbingu umekwisha kupotea. Hata hivyo, moja ikiwa ukumbini, nyingine yaweza kuwa imelala. Mchoro hauna bahati hiyo. Ni karatasi moja, nayo peke yake inapaswa kuwatumikia waliopo na wajao.

Mpenzi wa mashairi atauliza: kwa nini basi tusifanye kama walivyofanya wanakili wetu? Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, umehesabiwa miongoni mwa tenzi kongwe tulizo nazo katika maandishi, nao haukutegemea karatasi moja. Mkono ulinakili kutoka mkono, na utungo ukavuka. Leo picha za kamera na kompyuta zaweza kuusambaza mchoro wa Turner mpaka kisiwani Pemba bila ya kuugharimu hata chembe ya rangi. Hiyo ni rehema, na tuitumie. Lakini utungo ni maneno, na maneno yakinakiliwa sawasawa ni yale yale. Rangi ya maji ni maji yaliyokauka juu ya nyuzi za karatasi fulani, siku fulani, na nakala yake ni habari ya kitu, ilhali kitu chenyewe kiko kwingine. Tena nakala ikikosea, tutairekebisha kwa kutazama nini, kama asili imekwisha kufa?

Linabaki jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa katika mjadala huu, nalo ni haki baina ya walio hai wenyewe. Mwaka 2019 Ufaransa iliadhimisha miaka 500 tangu kufariki kwa Leonardo da Vinci, na jumba la Louvre likaomba kuazima mchoro wake wa mwanadamu aliyenyoosha mikono ndani ya duara na mraba, uliochorwa mnamo 1490 na kuhifadhiwa Venice. Chama cha uhifadhi cha Italia Nostra kilikwenda mahakamani kuuzuia usisafiri, kikitaja udhaifu wake. Mahakama ilisimamisha safari, kisha ikaruhusu, na mchoro ukaenda Paris kwa wiki chache. Baada ya kutoka kumulikwa vile, kazi ya namna hiyo hulazimika kurudi gizani kwa muda mrefu. Nuru iliyotumika Paris haitatumika tena Venice. Aliyepata ameipata kwa hesabu ya aliyekosa, hata kama wawili hao hawajuani.

Na hapa, ndugu msomaji, naona uzito wa lile sharti la pili la Vaughan, la kutotoza malipo. Kama kutazama kusingepunguza kitu, kiingilio kingekuwa suala la biashara tu. Lakini kile kinachopungua kwa kutazamwa kikiuzwa kwa mwenye nacho, maskini ananyimwa mara mbili: hakiingii leo, na kesho mtoto wake atakikuta kimepauka kwa macho ya wengine. Mlango wa bure unamfanya kila aliyekula awe amekula kwa haki. Vilevile vyumba vya kusomea vya makumbusho kama British Museum, ambamo mtu yeyote mwenye shauku aweza kuomba miadi na kuwekewa mchoro mbele yake, si hisani ndogo. Ndivyo vinavyotofautisha ghala la amana na shimo la bahili.

Leo kumbi za Edinburgh zina taa zinazopimwa kwa vyombo na vioo vinavyochuja miale mibaya. Kwa sayansi peke yake, picha za Vaughan zingeweza kuoneshwa Juni kwa usalama ule ule. Hata hivyo zinaendelea kutolewa Januari. Mwaka 2025, ulipotimia mwaka wa 250 tangu kuzaliwa kwa Turner, Edinburgh na Dublin zilibadilishana hazina zao, na picha 31 za Dublin zikaoneshwa Edinburgh katika mwezi uo huo wa Januari. Mtu wa pwani hatalistaajabia hili. Tumelelewa kujua kwamba sharti la mweka wakfu huheshimiwa hata pale sababu yake ya kwanza inapokuwa imepita, kwa kuwa pamoja na kisima au shamba aliloliacha ameacha neno lake, na neno likivunjwa mara moja wakfu wa pili hauwekwi.

Kwa hiyo watu wa Edinburgh hupanga foleni katika baridi ya mwezi wa kwanza, huingia bila kulipa, na huziona picha zote 38 kwa pamoja kama walivyoziona babu zao, isipokuwa zimefifia kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwisho wa mwezi picha hurudishwa madrooni, na wanaotoka ukumbini wanajua kwamba kiasi hicho kidogo kimekwenda nao wao.