Omba Mlima Mmoja

Somo: Yoshua 14:6-15 na Hesabu 8:23-26



Jumapili niliwaomba wote waliostaafu wasimame. Wakasimama wengi: walimu, wauguzi, askari, madereva, mama mboga aliyefunga kibanda kwa sababu ya magoti. Nikawauliza swali moja: "Kesho Jumatatu, saa mbili asubuhi, utakuwa wapi, na utakuwa ukifanya nini?" Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Walioketi karibu na wazee waliona wengine wakiangalia chini.

Ndugu zangu, kazini kulikuwa na kengele. Kengele ikilia unaingia darasani, ikilia tena unatoka. Siku ya kustaafu wanakupa barua, soda na keki, na kengele inabaki kulekule. Ukifika nyumbani, hakuna wa kukugongea.

Biblia inajua kustaafu. Katika Hesabu 8, Mungu anasema Mlawi aanze kazi ya hema akiwa na miaka 25, na akifika 50 aache kazi nzito. Lakini hakumfukuza hemani! Alisema abaki akiwasaidia ndugu zake kulinda. Kwa hivyo kupumzika si dhambi, mpendwa. Mwili umechoka, pumzika. Lakini ukiacha mzigo, haimaanishi umeachwa na mwito. Amina?

Sasa tumwangalie Kaleb. Alitumwa kuipeleleza nchi akiwa na miaka 40. Hapa anasimama mbele ya Yoshua kule Gilgali akiwa na 85. Hebu tuone mambo matatu.

1. Aliomba mlima mmoja

Kaleb hakuomba Kanaani yote. Hakusema, "Nipe chochote, mimi ni mzee." Aliuonyesha mlima alioutaka, ule wa Hebroni, alioahidiwa na Musa. Miaka 45 jangwani na vitani, hakuusahau.

Sisi je? Niruhusuni nijisemee mwenyewe. Nilistaafu ualimu nikiwa na miaka 60. Nikanunua daftari jipya, nikaandika malengo 11. Kuku wa mayai. Miche ya parachichi. Ploti. Kompyuta. Kusoma Biblia yote kwa mwaka. Kila wiki nilianza jambo, na kila wiki niliacha jingine. Baada ya miaka miwili nilikuwa na banda zuri sana la kuku, lisilo na kuku.

Namba 9 katika daftari lile ilikuwa hii. Mama mmoja mjane, wa kanisa hili, alikuwa ameniambia pale mlangoni zamani: "Mwalimu, hii Biblia mimi huwa nabeba tu. Ukistaafu, utanifundisha kusoma?" Nikamjibu, "Mama, hilo ni dogo sana. Nikistaafu tu."

Nikastaafu. Nikamwona kila Jumapili. Nikamwambia, "Wiki ijayo, mama, acha nimalizane na hawa mafundi." Wiki ijayo zikawa nyingi. Siku ya mazishi yake waliweka Biblia yake juu ya jeneza. Kurasa zake zilikuwa safi kama siku iliponunuliwa. Nilisimama nikahubiri, lakini aliyehubiriwa siku ile ni mimi.

Wapendwa, sikuwa mvivu. Niliamka mapema kuliko nilipokuwa kazini. Nilikosa kuchagua tu.

2. Alijua kuna Waanaki

Kaleb hakujidanganya. Alisema wazi kwamba kule mlimani kuna majitu, na miji yenye ngome. Mlima wako pia una majitu yake. Kuna presha, kuna sukari, kuna pesa iliyokuja mara moja na kila jamaa anajua ilikuja. Kaleb alisema nguvu zake ni zilezile. Wengine wetu hatuwezi kusema hivyo, na Mungu hajakasirika. Kama magoti yamekataa, omba mlima unaoweza kupandwa ukiwa umeketi.

Lakini jitu kubwa la mstaafu linaitwa "Si wewe uko free?" Kamati ya harusi, we uko free. Kamati ya mazishi, bodi ya shule, kesi ya mpaka wa shamba, we uko free! Nehemia alipoitwa kwenye vikao, katika Nehemia 6:3, alijibu kwamba ana kazi kubwa na hawezi kushuka. Jifunze kujibu hivyo kwa upole, bila kuomba msamaha.

3. Mlima wake uliwafaa wengine

Kaleb aliupata. Lakini soma Yoshua 15, binti yake Aksa anaomba chemchemi za maji na anapewa. Endelea mpaka sura ya 21: mji wa Hebroni unapewa makuhani na unakuwa mji wa makimbilio, na Kaleb anabaki na mashamba na vijiji. Mzee alipigania mlima, na mkimbizi akapata pa kuponea. Lengo la uzeeni likiishia tumboni mwako, ni dogo mno.

Baada ya mazishi yale nilifuta mambo 10 katika daftari. Sasa kila Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana, niko katika chumba cha Sunday school na mama sita na mzee mmoja. Wengine huiita ngumbaru, sisi twaiita darasa. Majuzi mama wa miaka 71 alisoma Zaburi ya 23, kidole kikifuata neno kwa neno, mpaka mwisho. Ilichukua kama dakika 10. Hakuna aliyekohoa.

Yule wa kwanza hakusikia. Hilo nitaenda nalo mpaka nimwone mbinguni.

Wiki hii ufanye hivi

Andika malengo yako yote, uombe juu yake, kisha uzungushie duara moja tu. Mengine yasubiri.

Lipe siku na saa, kama vile kengele ingelia.

Mwambie mtu mmoja, bibi yako, mzee wako au kiongozi wa ushirika wa nyumbani, akuulize kila Jumapili: "Umefika wapi?" Kaleb aliomba mbele ya watu.

Na wewe kijana, usicheke. Kaleb alianza kuutazama mlima akiwa na miaka 40. Na kama bado hujampa Yesu maisha yako, huo ndio mlima wa kwanza. Njoo, tutaomba pamoja.

Tuombe: Baba, umetupa siku ambazo wengi wa rika letu hawakuzipata. Tuonyeshe mlima mmoja. Tusamehe wale tuliowaambia "wiki ijayo". Tupe nguvu ya leo kwa kazi ya leo. Katika jina la Yesu, Amina.

Mstari wa kutafakari: Wafilipi 3:13-14.